Mrejesho: nyungunyungu hai au plastiki yenye harufu kwa samaki aina ya besi wa Naivasha

Ndugu zangu, nimerudi. Niliuliza nitumie chambo gani kwa besi wa Ziwa Naivasha: nyungunyungu hai, au minyoo ya plastiki laini iliyotiwa harufu ya kamba wa majini. Nimejaribu vyote asubuhi mbili, kando ya mafunjo.

Nyungunyungu waliguswa haraka, lakini wengi waliowagusa ni tilapia wadogo: wananyofoa chambo, unabaki na ndoana tupu. Besi wawili walionasa walikuwa wamemeza hadi kooni, na mmoja alinifia mkononi. Iliniuma, maana alikuwa mdogo na nilitaka kumrudisha.

Plastiki ilichelewa. Niliizamisha mpaka chini, ncha ya ndoana nikaificha ndani yake isinase majani, kisha nikaivuta kidogo kidogo kama wanavyorudi nyuma wale kamba wekundu walioletwa ziwani 1970. Besi watatu, wote wamenasa mdomoni. Sidhani harufu inamwita samaki kutoka mbali. Naona inamfanya asiteme upesi, nawe ukapata nafasi ya kukaza mshipi.

Aliyenishauri nisiivute haraka, ahsante sana ndugu. Nimebaki na plastiki. Vipande vilivyochanika narudi navyo nyumbani, sivitupi majini.