Wauza baiskeli wa mtandaoni, 700C SIO saizi ya fremu! Mnatuumiza bana

Wakuu salaam, leo nimekuja na hasira kwa hiyo atakayekuta lugha kali humu anisamehe mapema.

Kuna muuzaji wa mtandaoni kaniuzia baiskeli ya racing, zile za bei ya chini ambazo sisi wa kipato cha kawaida ndio tunazimudu. Simtaji maana huu mchezo hachezi peke yake. Kabla sijalipa nilimuuliza kitu kimoja tu, fremu saizi ngapi? Jibu: "700C boss, inafaa mtu mzima yeyote." Nikamwambia kaka 700C ni tairi, ni ile rimu ambayo tairi linakaa kwenye kipenyo cha milimita 622, karibu kila baiskeli ya racing ya mtu mzima inayo na hata zile za milimani za 29 ni rimu hiyohiyo, mimi naulizia FREMU. Akanitumia tena picha ya tangazo. Yaani ni sawa na kuulizia saizi ya kiatu ukatajiwa urefu wa kamba zake. Nilipombana sana ndio akaandika "56 boss, usiwe na shaka", yaani sentimita 56.

Boksi limefika, nimefungua, nikachukua futi kamba nikapima kuanzia katikati ya ekseli ya krenki, ile mikono inayoshika pedeli, mpaka mwisho wa lile bomba linalopokea siti. 49. Sio 55, sio 54, ni 49! Mguu wangu kwa ndani, kuanzia sakafuni mpaka mapaja yanapokutana, ni sentimita 86, na ile hesabu aliyoipa umaarufu Greg LeMond, yule Mmarekani aliyebeba Tour de France 1986, 1989 na 1990, inasema zidisha kwa 0.883 upate urefu wa siti kutoka katikati ya krenki. Kwangu inakuja kama 76. Haya, napandisha siti, napandisha, nikiwa bado sijafika hiyo 76, ule mstari uliochongwa kwenye bomba la siti wa kukuambia usivuke hapa ukatokeza nje ya fremu. Mstari ule hauwekwi kwa urembo, ukiuvuka bomba linaweza kupinda au kukatika au kupasua fremu na wewe uko juu. Na bado goti lilikuwa limekunjika nikifika chini ya pedeli.

Nimemwambia arudishe hela anasema boksi likishafunguliwa hairudishwi. Sasa fremu ningeipima ikiwa ndani ya boksi nikiwa nje??

Halafu hili la "inafaa urefu wa sm 160 mpaka 185" wanaloandika wote, nani aliwafundisha? Mtu wa 160 na mtu wa 185 hawapandi fremu moja ya racing, hata ufanyeje siti. Tena watu wawili wenye urefu sawa mmoja ana miguu mirefu mwingine kiwiliwili kirefu, siti zao hazilingani na mikono yao haifiki sehemu moja. Na hata hiyo 56 yenyewe peke yake haitoshi maana kampuni moja inapimia mpaka katikati ya bomba la juu, nyingine mpaka ncha, nyingine fremu imeinama namba inakuwa ya kubuni tu. Ndio maana wenzetu wanaojali wanaandika staki na richi. Staki ni kutoka usawa wa katikati ya krenki kwenda juu mpaka kwenye mdomo wa bomba la mbele la usukani, richi ni umbali huohuo lakini wa kwenda mbele. Ukiwa na hizo namba mbili unaweza kulinganisha fremu yoyote na baiskeli uliyonayo nyumbani bila kujali stika imeandikwa M au 54 au nini. Siti inapanda na kushuka, stemu, kile kipande kinachoshika usukani, unaweza kubadilisha ya sentimita 10 ukaweka ya 9, ila richi ya fremu ikishakataa imekataa. Ni namba mbili tu, kuziandika ni bure!

Tukija kwenye vifaa ndio uhuni wenyewe. Tangazo linasema "GIA 21 SHIMANO ORIJINO", Shimano ile kampuni ya Kijapani ya vifaa vya baiskeli. Kwanza 21 ni 3 za mbele mara 7 za nyuma, basi, wingi wa gia haujawahi kuwa ubora. Claris ya 2 mbele na 8 nyuma ni gia 16 na inaiacha mbali hiyo 21 yenu. Kwa wasiojua ngazi za Shimano za racing, Claris ni 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, 105 ilikuwa 11 na sasa imeenda 12. Mtu anayekuambia "ni Shimano" bila kutaja hapo ni ipi hajakuambia kitu. Mimi nilichokuta, Shimano ni diraila ya nyuma, kile kinachohamisha cheni kwenye gia, PEKE YAKE, Tourney, ngazi ya chini kabisa, sina ugomvi nayo ukiiseti vizuri inafanya kazi. Ila krenki haina jina, cheni haina jina, breki ni vibati vimekunjwa, ukizibana unaona mkono wa breki wenyewe unapinda kabla rimu haijashikwa. Na vishikio vya gia viko juu kwenye stemu, kwa hiyo kila ukitaka kubadilisha unaachia usukani mkono mmoja, kwenye foleni ya magari hiyo.

Nyuma ni friwili, yaani fungu la gia linalofungwa kwa nyuzi kwenye habu, sio kaseti, fungu la gia linalochomekwa juu ya habu. Hili watu wanalipuuza. Kwenye friwili ya gia 7 gololi za upande wa kulia zinakaa ndani kabisa, kwa hiyo ekseli kutoka hapo mpaka kwenye fremu inaning'inia haina kitu kinachoishika, mwili ukiwa mzito kidogo au ukiingia shimo inapinda, ikikaa vibaya inakatika. Kaseti zimesogeza beringi huko pembeni ndio maana zinadumu. Muuzaji akikataa kusema ni ipi mwombe video akirudisha pedeli nyuma: ikiwa ile ringi ya katikati yenye meno ya kufungulia inazunguka pamoja na gia ni kaseti, ikisimama gia zikizunguka peke yake ni friwili.

Na ile "fremu ya aluminiamu, baiskeli nzima kilo 8"... jamani. Nimeweka sumaku, ikanata. Foku, ule uma unaoshika tairi la mbele, nayo ikanata. Chuma cha kawaida kabisa kimepakwa rangi nzuri. UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, wameweka kikomo cha chini cha kilo 6.8 kwa baiskeli za mashindano za wale wanaolipwa kupanda, sasa wewe na chuma chako na rimu zako nzito unasema 8? Sijaipima ila nikiinyanyua najua tumedanganyana.

Kitu kingine, angalieni picha za matangazo kwa jicho la ufundi. Nimerudi kuangalia la huyu bwana, baiskeli nyingine anayouza FOKU IMEGEUZWA NYUMA. Breki ya mbele inamtazama mpandaji badala ya kutazama mbele. Kwenye za diski, diski ya mbele inatakiwa iwe kushoto kwa mpandaji, ukiiona kulia ujue aliyefunga hajui anachofanya, na huyohuyo ndiye kakaza stemu yako. Mnazipiga picha, mnazipandisha mtandaoni, hakuna hata mmoja anayeshtuka?

Najua wale wa "rahisi ni ghali mkuu" mko njiani. Tulieni. Mimi silalamikii kuuziwa cha bei ndogo. Baiskeli ya bei ndogo ya kweli ipo, fremu ya aluminiamu ya kawaida, Claris au Sora, kaseti, breki za rimu zenye mikono migumu ambazo mimi binafsi nazichagua mbele ya hizi diski za waya za kubahatisha wanazowekea chambo, na nafasi ya kuingiza tairi la upana wa milimita 28 badala ya kubanwa na 23. Hiyo mtu anapanda miaka. Nalalamikia kuandikiwa uongo juu ya kitu kinachopimika kwa futi kamba.

Nimemtumia picha, futi imelala kwenye fremu, 49 inasomeka hata ukiwa umefumba jicho moja. Kajibu "labda futi yako imekunjika boss".

Mwenye kujua pa kumfikisha mtu wa namna hii aseme hapa, risiti ninayo, meseji za "56 boss" ninazo, na boksi sijalitupa.