Mrejesho: Majina ya wanafunzi yaliyokuwa hayaonekani

Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini, ninapofungua ukurasa wa kuingizia alama katika mfumo wa shule yetu hapa Likoni, ninaona majina 25 tu ilhali Gredi ya 8 ina wanafunzi 43. Nawashukuru nyote mlionijibu, hasa yule mwalimu mwenzangu aliyenitaka nitazame chini kabisa ya jedwali kabla ya kumlaumu fundi.

Hapo chini, kwa maandishi madogo ambayo miwani yangu ilikuwa imeyakosa muhula mzima, pameandikwa «1–25 kati ya 43», na pembeni pana mshale wa kufungulia ukurasa wa pili. Nilibadilisha idadi ya mistari ikawa 50, na majina yote yakajitokeza. Suala la kichujio, yaani chaguo linaloonyesha baadhi tu ya majina, kama ya mkondo mmoja wa darasa, ambalo wengi mlilidhania, lilikuwa kweli kwa nusu tu: nikihama kutoka somo moja hadi jingine, mfumo hubaki na mkondo niliouchagua mwanzo, kwa hiyo sasa mimi huondoa vichujio kwanza.

Lililobaki ni la simu. Safu ya maoni ya mwalimu hufichika mpaka niilaze simu kwa ubavu, nami nilipoilaza nikiwa ndani ya feri, ukurasa ulijipakia upya na alama saba ambazo sikuwa nimezihifadhi zikapotea. Tangu siku hiyo nabonyeza kitufe cha kuhifadhi kila baada ya wanafunzi watano, na maoni nayaacha hadi nifikie kompyuta ya afisini.