Msaada wa haraka wakuu, kontua za Uluguru zinanichanganya

mwanaporini88: Wakuu habari za usiku, nina ramani ya 1:50,000 ya Uluguru upande wa Lupanga sasa hizi kontua (mistari ya kimo cha ardhi) sizielewi, zikijikunja kama V, V ipi korongo na ipi mgongo wa mlima? Naomba majibu ya haraka msinitume google.

Bint Kinole: Ncha ya V ikitazama kwenye namba kubwa hilo korongo, mara nyingi na mstari wa bluu wa mto unapita humo humo. Ikitazama namba ndogo ni mgongo. Mistari ikibanana mteremko mkali, ikigusana kabisa ni genge. Haraka ya nini saa nne hii?

Kamanda Mstaafu: Sisi JKT tulitembea na dira tu, vijana wa sasa betri ikizima na yeye kazima 😂

mwanaporini88: Mazoezi tu.

Bint Kinole: Mazoezi gani usiku, sema ukweli kaka.

mwanaporini88: Haya. Mdogo wangu kapanda jana asubuhi bila mwenyeji hajashuka, alituma lokesheni nikaipima kwenye ramani ikaangukia korongoni. Zimamoto sijapiga, mama ana presha. Boda nimeshalipia, saa kumi alfajiri naondoka na washkaji wawili.

Mpima Viwanja: Hilo korongo usiliamini. Ramani zetu za zamani zinatumia datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, simu yako WGS 84, ukihamisha namba za lokesheni kama zilivyo unakosea kama mita 300, na huko mita 300 umeshaingia bonde lingine kabisa. Piga Zimamoto 114 sasa hivi, wape namba za lokesheni za kwenye simu na saa aliyotuma.

Toto Tundu: Chai hii. Ndugu yako yuko porini we unauliza V? Akaunti yenyewe ya leo.

Mama Nasra: Chai isiwe chai apige tu. Shemeji yangu tulimtafuta Udzungwa siku nzima kumbe kakaa baa Mang'ula anakula kuku.

mwanaporini88: Chai gani na simu yake haipatikani tangu jana saa tisa?? Nitapiga nikishafika, yakija magari usiku huu mtaa mzima utajua.

Mpima Viwanja: Mtaa ukijua si ndo wapandaji wa kumtafuta wanaongezeka? Mtu akipotea hufuata maji kushuka, akikuta maporomoko anakwama hapo hapo, watu watatu hamtoshi kumtoa. Weka hizo namba hapa nikuhamishie.

Toto Tundu: Nusu saa hii, namba ziko wapi? Na yupo online namuona.

Bint Kinole: Labda anaongea na 114, we nawe.