Tulioasiliwa na kutafuta tulikotoka: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, nikiwa na miaka 31 ndipo nimejua kuwa niliasiliwa, siku mbili baada ya kumzika baba. Shangazi ndiye aliyeropoka, akidhani ninajua. Mama (aliyenilea, na sina jina jingine la kumwita) aliinama tu, anakunja leso na kuikunjua. Tangu siku hiyo nikijitazama kwenye kioo najiuliza hii pua ni ya nani. Mliopita njia hii, mlianzia wapi? Na mama mlimwambiaje?

Mzee wa Faili: Pole, mkuu. Anza na karatasi kabla ya damu. Uliza mahakama iliyotoa amri ya kuasili. Nchi nyingi humwandikia mtoto cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya walezi, kile cha awali kinafungiwa; kwingine unafunguliwa ukitimiza 18, kwingine mpaka hakimu aridhie. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 7, unakupa haki ya kuwajua wazazi wako "kadiri inavyowezekana". Hapo kwenye kadiri ndipo utakapozungushwa. Mimi niliambulia kurasa nne za faili langu. Ya tatu ilikuwa na mstari wa kalamu pembeni: "Hulala ameshika sikio." Mke wangu alicheka mpaka machozi, maana hadi leo ndivyo ninavyolala.

Kinyonga: Mimi nilipima DNA. Akatokea mtu tunayechangia asilimia 25, nikaruka: kaka! Kumbe asilimia hiyo inaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja, shangazi, mjomba, hata babu. Umri ndio uliosema: miaka 68. Alikuwa mama mkubwa. Nilimwandikia kurasa mbili, kosa kubwa, akakaa kimya miezi minane, kisha akauliza swali moja tu: "Ulizaliwa mwezi gani?" Andika kwa ufupi. Hujui nani nyumbani kwake hajaambiwa.

Sauti ya Pili: Mzazi wangu wa damu nilimpata. Akasema nisipige tena. Kabla hajakata simu akaongeza, "Kwetu kuna presha ya macho, kapime." Nilikwenda kupima. Ninayo. Sijui hata nimwite nani, ila macho yangu bado yanaona.

Mama J: Naomba niseme kwa upande wa walezi. Mwanangu aliponiambia anatafuta, nilikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Niliogopa, nisidanganye. Halafu nikatoa kishati alichokuja nacho, nilichokificha miaka 26, nikampa. Kwa hiyo, mwanangu, usianze na "kwa nini hukuniambia". Muulize amekuhifadhia nini.

Mleta mada: Mama J, nimeuliza hivyohivyo jioni hii. Ameingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Bado hatujaifungua, anatafuta miwani.