Tupeane uzoefu: Binti mpole, "ana uwezo ila hajitumi". Nani kapitia hii ya ADHD?

Mama_Warda: Wadau, habari za jioni. Leo nimeletewa ripoti ya binti yangu wa darasa la nne, na maoni ni yale yale ya tangu la kwanza: "Ana uwezo ila hajitumi." Mwaka huu ana mtihani wa taifa, nikasema ngoja nikae nimpekue. Daftari la sayansi: tarehe imepigiwa mstari kwa rula, kichwa cha habari kwa wino mwekundu, sentensi ya kwanza nzima, ya pili nusu, basi. Ukurasa unaofuata hivyo hivyo. Pembeni kachora paka, kila paka na jina lake. Hagombani na mtu, mwalimu anampenda. Ila umtume chumvi, anarudi mikono mitupu, na ukimuuliza anashangaa kuliko wewe. Masweta anayopoteza usiseme. Daktari mmoja, rafiki wa shemeji yangu, kanishauri apimwe ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia au kukaza umakini. Mie nilijua hiyo ni ya watoto wa kiume wanaoparamia mageti! Usiku analia, anasema yeye mjinga. Mwenye uzoefu anisaidie.

Msukuma_wa_Ubungo: Fimbo mbili za mkwaju, sweta litaonekana. Tunadekeza sana siku hizi.

Dada_Nuru: Hapo kwenye paka wenye majina nimecheka huku machozi yananitoka. Wangu anachora viatu.

MamaPacha: Mama Warda, umenikumbusha mbali. Mie nina mapacha, kulwa wa kiume, doto wa kike. Wa kiume alijulikana mapema, maana tangu la kwanza alikuwa akitoka darasani kupitia dirishani. Kliniki tukaenda, na walimu wakaelezwa. Doto kakaa kimya nyuma anatazama nje, na sote tukamsifia: huyu ndiye ametulia. Kumbe nilikuwa namshikia kila kitu mimi. Begi napanga mimi, kazi ya shule namkalia ubavuni, saa ya kuoga namkumbusha. Kaenda kidato cha kwanza, bweni. Huko hakuna mama. Kapoteza ufunguo wa tranka wiki ya kwanza, akaogopa kusema, akawa anavaa sketi ile ile. Anachelewa paredi, anaadhibiwa. Adhabu inamchelewesha kipindi, anaadhibiwa tena. Akawa haamki kwenda kula kwa sababu ndio muda pekee wa kunakili notisi za wenzake. Matroni kanipigia usiku: mwanao kajifungia stoo ya magodoro, hataki kutoka. Nilifika asubuhi. Wamemsihi, wamemtisha, wapi. Nikakaa chini mlangoni, akaniuliza kwa ndani: "Mama, kwa nini wenzangu wanaweza?" Huyu alikuwa wa tatu darasani la saba!! Daktari aliponisomea maswali, nilijiona nayajibu ya kaka yake, tofauti ni kelele tu.

Dada_Nuru: Uwiii. "Kwa nini wenzangu wanaweza." Hilo swali nalijua mimi mwenyewe.

Mtumishi_Elia: Poleni. Ila tusisahau kuna roho za usahaulifu. Mfungo wa siku tatu na maombi kwanza, hospitali baadaye.

MamaPacha: Mtumishi, mie pia naomba. Ila ungemwona mwanangu alivyolishwa chumvi na kumwagiwa mafuta kichwani mbele ya kadamnasi ungenyamaza. Alitoka pale anaamini ana pepo. Usinichokoze leo.

Mtumishi_Elia: Sikusema chumvi mimi.

Nesi_Zamoyoni: Jamani turudi kwenye mada. Nimefanya kazi kliniki ya watoto. ADHD ina sura tatu: ya kutotulia, ya kukosa umakini, na mchanganyiko. Mabinti wengi wako kwenye ya pili, na hiyo haivunji dirisha la mtu. Tafiti za mwanzo zilifanyika zaidi kwa wavulana, ndio maana picha tuliyonayo vichwani ni ya mvulana. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM, ulitaka dalili zionekane kabla ya miaka 7. Toleo la 2013 likasogeza hadi 12, na mabinti wengi ndipo walipopata nafasi ya kutambuliwa. Mtoto anatakiwa awe na dalili 6 kati ya 9, kwa miezi 6 au zaidi, na zionekane nyumbani na shuleni, si sehemu moja. Mama Warda, anza na masikio, macho na wingi wa damu. Uliza usingizi: anakoroma? Ana nyama za pua? Na kuna kifafa cha kuzubaa: mtoto anaganda sekunde chache, jicho kodo, ukimgusa hashtuki, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwenye mawazo mbali ukimgusa anageuka. Mrekodi kwa simu, daktari atakushukuru.

Kijogoo: Toa soda na biskuti, utaniambia.

Nesi_Zamoyoni: Sukari imepimwa weee, haileti ADHD. Mnyime kwa ajili ya meno.

Baba_Nai: Sweta? Mnalilia sweta? Wangu alisahau MTOTO. Yuko la tano, nimempa mdogo wake wa miaka minne, wamepanda Makumbusho washuke Tangi Bovu kwa bibi. Kashuka na mfuko wa machungwa, kafika kwa bibi, kasalimia, kaanza kuangalia katuni. Bibi anauliza, mwenzio yuko wapi? Hapo ndipo alipopiga ukelele ambao jirani wa nyumba ya tatu alitoka. Dogo alikuwa kalala siti ya nyuma, gari linakwenda Tegeta Nyuki. Ngoja nimpokee mgeni, narudi.

Dada_Nuru: Weee! Alipatikana?

Kijogoo: Mkuu huwezi kutuacha hapa.

Msukuma_wa_Ubungo: Nani anapandisha watoto daladala peke yao? Hapo mwenye ADHD ni baba.

MamaPacha: Kwa utani wako umesema kweli. Hii kitu hurithiwa sana. Daktari alipomaliza na mapacha alimgeukia mume wangu.

Bi_Mswahilina: Huku Mombasa tulianzia EARC, vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya kujifunza, viko kila kaunti. Walimtazama, wakatupa barua ya shule. Binti akahamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha, na mwalimu humpa kazi vipande vipande. Nyumbani nimebandika picha mlangoni: kiatu, begi, chupa ya maji. Hatusemezani asubuhi, aangalia picha tu.

Dada_Nuru: Mie picha zilifanya kazi mpaka alipozizoea, kisha hazioni tena. Nabadilisha kila mwezi. Na nikimtuma namtuma kitu kimoja, akirudi ndio cha pili.

Kijogoo: Dawa je? Nasikia Ritalin ni ya kulevya.

Nesi_Zamoyoni: Inadhibitiwa, iko kwenye mkataba wa kimataifa wa 1971 wa dawa zinazoathiri akili. Kwa hiyo si ya kuuliza duka la mtaani wala ya kuazima kwa jirani. Daktari akiandika anafuatilia uzito na mapigo ya moyo, kwa sababu hupunguza hamu ya kula na usingizi. Mtoto chini ya miaka 6, mzazi ndiye anayefundishwa kwanza. Kwa Dar, Muhimbili wana idara ya afya ya akili, nenda na rufaa.

MamaPacha: Doto anatumia, anakula vizuri asubuhi kabla ya kidonge. Nilimtoa bweni, anasoma kutwa. Kulwa hataki dawa na anaendelea. Msinganganie jibu moja.

Msukuma_wa_Ubungo: Sisi tulikua bila haya mambo na tumetoka salama.

Dada_Nuru: Mkuu, juzi si wewe uliyefungua uzi wa kutafuta kadi ya gari kwa mara ya pili?

Msukuma_wa_Ubungo: 😂 Hiyo iliibiwa.

Baba_Nai: Nimerudi. Dogo alipatikana. Konda alimweka kwenye boneti karibu na dereva, wakamnunulia ubuyu, gari likageuza naye. Nimemkuta kituoni Tangi Bovu mdomo mwekundu, hataki kushuka.

Mama_Warda: Alhamdulillah. Nimewasoma wote. Mwalimu kakubali kumkalisha mbele, Jumatatu tunaanza na masikio. Baba Nai, konda ulimpa chochote?

Baba_Nai: Kabla sijaingiza mkono mfukoni alishadai nauli. Anasema dogo alikaa siti nzima kwenda na kurudi.