Tupeane uzoefu: mikopo ya biashara ndogo vijijini, Tanga na Pangani

Mkazi wa Kigombe: Leo asubuhi nimekuta kina mama wamekaa kwenye marejesho chini ya mwembe, nikakumbuka mengi. Enyi washonaji, maseremala, wenye maduka na wachuuzi wa dagaa, mkopo ulikuinueni au ulikuzamisheni?

Binti Kipumbwi: Mimi huchemsha dagaa na kuwaanika. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, boti hulala na chanja hubaki tupu. Taasisi iliyotukopesha kwa kikundi ilitaka marejesho kila Jumanne, giza au mbalamwezi. Masika yakaozesha mzigo, mwenzetu mmoja akakosa fedha, na afisa mikopo akatangaza kwamba haondoki mtu mpaka hesabu itimie, kwa kuwa dhamana ni sisi wenyewe. Tulikaa hadi adhana ya magharibi, watoto wakija kuulizia chakula. Mwishowe wanakikundi wakaenda nyumbani kwa mwenzetu huyo, wakabeba cherehani, godoro na sufuria kubwa ya kuchemshia dagaa. Aliyebeba mfuniko alikuwa wifi yake. Bila sufuria, deni angelilipa kwa kitu gani?

Mama Mkinga: Ni kweli tupu, hata huku yapo.

Seremala wa Muheza: Pole sana dada, ila tusiwatie wote kapu moja. Mashine yangu ya randa niliinunua kwa mkopo wa SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ambako mtu huweka akiba kwanza na marejesho ni ya mwezi. Isitoshe, Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Mchuuzi wa Pangani: Ukomo huo, fundi, unausoma ukutani tu. Jumlisha ada ya fomu, bima na faini ya kuchelewa, kisha uje utuambie kama hiyo si kausha damu, mikopo ya kunyonya.

Seremala wa Muheza: Basi acha kutia saini usichokisoma.

Mchuuzi wa Pangani: Miwani nayo inakopeshwa huko kwenu?

Mwalimu Mstaafu: Punguzeni jazba. Ombeni mkopo wa halmashauri, ambao hauna riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisitishwa 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata.

Mzee wa Tongoni: Mimi si mwanamke, ujana umenipita, na viungo vyangu ni vizima. Niombe kwa kifungu kipi?

Mama Mkinga: Oa mwanakikundi, babu.

Mkazi wa Kigombe: Binti Kipumbwi, je, sufuria ilirudi?

Binti Kipumbwi: Ilirudi. Tuliikomboa kwa mfuko wa kusaidiana wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, kabla ya giza lililofuata, lakini cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa. Sasa tumeiendea benki kuomba marejesho yanayofuata giza. Imekubali, ila inataka hati ya nyumba, na nyumba zetu ni za udongo, zisizo na hati.