Kuamka saa tisa usiku kumewasaidia nini watahiniwa wetu?

Mwalimu wa Kiswahili, Tororo

Ndugu walimu na wazazi, ninaomba ushauri kuhusu jambo linaloninyima raha tangu matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yatoke wiki mbili zilizopita. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya mchanganyiko, ya bweni na kutwa, upande huu wa Tororo, na mwaka huu nimepewa ulezi wa darasa la kidato cha nne lenye watahiniwa 68, ambao wataanza mtihani wa UNEB, Baraza la Mitihani la Uganda, mwezi wa Oktoba.

Miongoni mwao yumo binti mmoja ambaye tangu kidato cha kwanza hajawahi kutoka katika watano wa mbele. Muhula wa pili wote alikuwa akiamka saa tisa usiku, anatia miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue, kisha anasoma kwa tochi mpaka kengele ya prepu, yaani kipindi cha kujisomea, ya alfajiri ilie. Katika moko ya kemia alikaa mbele ya karatasi robo saa nzima bila kuandika neno, akaomba ruhusa ya kutoka, akatapika. Mwalimu wa zamu alidhani ni malaria, lakini kipimo kilionyesha kwamba hana. Nilipomuuliza faraghani aliniambia kwamba usiku ule alijua kila kitu, ila asubuhi kichwa kilikuwa kama ubao uliofutwa. Wapo wengine kama yeye, labda kumi au zaidi, ambao alama zao zimeshuka kadiri saa zao za kusoma zilivyopanda.

Uongozi umeamua kwamba muhula wa tatu ukifunguliwa, prepu ya alfajiri itaanza saa kumi badala ya saa kumi na moja, michezo ya Jumatano itafutwa, na kutakuwa na mtihani kila Jumamosi. Prepu ya usiku itabaki kumalizika saa nne. Mwenzangu mmoja, ambaye simlaumu kwa nia yake, anachapa kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua, ingawa sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni.

Ninauliza mambo mawili. Katika wiki chache zilizobaki, watahiniwa hawa wasaidiweje kujitayarisha bila kuvunjika? Na nitazungumzaje na uongozi bila kuonekana kwamba ninatetea uvivu?

Mwalimu wa Baiolojia, Mbale

Mwalimu mwenzangu, pole kwa mzigo huo. Nitaanza na kauli ya huyo binti, kwa sababu nusu ya jibu lako imo humo. Alisema kwamba usiku alijua kila kitu. Alijuaje? Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Mwanafunzi akisoma ukurasa mara ya nne, maneno yake humzoeleka machoni, naye hudhani kwamba kilichozoeleka machoni kimeshaingia kichwani. Chumba cha mtihani hakimwombi ayatambue maneno aliyoyaona. Kinamwomba ayatoe mwenyewe bila daftari, na hiyo ni kazi ambayo pengine hajaifanya hata mara moja tangu Februari.

Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi wa chuo walisoma vifungu viwili vya habari. Kimoja wakakisoma tena, na kingine wakakifunga na kuandika walichokikumbuka. Kwa waliopimwa baada ya dakika 5, kifungu kilichosomwa tena kilikuwa mbele. Kwa waliopimwa baada ya siku 2, na wengine baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na kifungu walichojipima wenyewe ndicho walichokikumbuka zaidi. Hapo ndipo anayekesha anapodanganyika, kwa kuwa yeye, hata akijipima, hujipima daftari likiwa bado lina joto la mikono yake.

Darasani kwangu dakika 10 za kwanza hakuna kufungua daftari. Ninaandika neno moja ubaoni, tuseme "figo", na kila mmoja anaandika kwa kalamu ya buluu yote anayoyakumbuka. Kisha daftari zinafunguliwa na mapengo yanajazwa kwa kalamu nyekundu. Sitoi alama wala sikusanyi karatasi. Wino mwekundu ndio unaomwambia mwanafunzi asome nini jioni ile, na yaliyoandikwa kwa buluu hana haja ya kuyarudia. Figo inarudi baada ya siku 3, inarudi baada ya wiki, na inarudi tena baada ya wiki mbili au tatu. Mwanafunzi mwoga akiuona wekundu ukipungua karatasi hadi karatasi, moyo wake hutulia kuliko ukimwambia mara mia kwamba asiogope.

Kuna jambo la pili ambalo shule nyingi hazitaki kulisikia. Bado tunawamwagia watahiniwa karatasi za miaka ya kabla ya 2024, ilhali tangu mwaka huo, kundi la kwanza la mtaala mpya lilipofanya mtihani, maswali yamebadilika sura. Mtahiniwa hupewa hali ya maisha, kwa mfano wakulima wa mpunga kando ya Mto Manafwa ambao mashamba yao hufurika, kisha hutakiwa aeleze chanzo na kupendekeza la kufanya. Aliyekariri fasili za mafuriko na mmomonyoko atakaa robo saa akitafuta swali liko wapi, hata kama hana hofu yoyote. Ikiwa mtihani wa Jumamosi hauepukiki, basi uwe hali moja tu ya namna hiyo, dakika 40, na baadaye wakae wawili wawili walinganishe walichoandika.

Tena wakumbushe kwamba alama 20 kati ya 100 zinatokana na tathmini endelevu, ambayo sehemu yake kubwa wameshaifanya. Utashangaa ni wangapi wanaodhani kwamba Oktoba wanaanzia sifuri.

Muuguzi na mzazi, Lira

Salamu kwenu walimu wetu. Ninaandika kama muuguzi wa kituo cha afya na kama mama wa mtahiniwa. Kila mwaka msimu huu ninapokea wanafunzi wanaoletwa kwa malaria isiyokuwapo. Tumbo linawakata, moyo unawaenda mbio, viganja vinatoka jasho, na wengine wanakwenda haja mara tano kabla ya saa tatu asubuhi. Hawaigizi. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, nayo huupeleka mwili wote kwenye kukimbia au kupigana, wakati mtoto anatakiwa kukaa kitako na kufikiri. Kumwambia kwamba anajidekeza ni kumwongezea hofu juu ya hofu.

Mfundisheni kupumua, lakini mfundisheni mapema, siku ambazo hana hofu, ili siku ya mtihani iwe ni mazoea. Avute pumzi polepole kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, na afanye hivyo kwa dakika 2 au 3 mikono ikiwa juu ya meza. Hakuna atakayemwona. Baada ya hapo aanze na swali analoliweza, hata kama ni la mwisho kwenye karatasi, kwa sababu kichwa kikishatoa jibu moja, mengine hufuata kwa urahisi zaidi.

Kuhusu usingizi, nitasema bila kuzunguka. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Prepu inayomalizika saa nne usiku na kuanza tena saa kumi alfajiri inamwachia saa 6, na humo aoge, afue, apange vitu vyake na atafute shuka lake. Zilizobaki hazifiki 5. Ubongo hauzimiki mtu akilala. Ndio wakati unaoyapanga na kuyakaza yale aliyojifunza mchana, kwa hiyo huyo binti mwenye beseni alikuwa akijinyima saa zile zile ambazo kemia yake ingetulia kichwani. Wazuieni pia na vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye maduka ya nje ya geti. Asubuhi ya mtihani uji wa moto unatosha.

Zipo dalili ambazo hazitaki ushauri wa darasani. Mtoto asiyelala wiki kwa wiki, aliyeacha kula, anayejitenga na marafiki wote, au anayesema kwamba ni heri asingekuwapo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Afikishwe kwenye kituo cha afya, mzazi aitwe, na wote wajue kwamba nambari 116, yaani Sauti, hupigwa bure kutoka simu yoyote hapa Uganda.

Mwalimu mkuu mstaafu, Masindi

Wanangu, nimesoma yote na ninakubali mengi, lakini ruhusuni mzee aseme upande wa pili. Kengele ya saa kumi mimi mwenyewe niliipiga kwa miaka mingi, tena kwa mkono wangu. Sikuipiga kwa ukatili. Niliipiga kwa sababu shule jirani iliipiga, na mwezi wa Februari matokeo yanapotoka wazazi hulinganisha shule kabla hawajalipa karo. Mwalimu wa Tororo, usiende kwa mkuu wako kumwambia kwamba amekosea. Mkuu naye anaogopa, na anaiogopa bodi kuliko watoto wanavyouogopa mtihani.

Usiende na huruma pia, kwa maana huruma wataiita uvivu, kama unavyohofia. Nenda na karatasi. Omba upewe mkondo mmoja kwa wiki mbili tu, walale mpaka saa kumi na moja na nusu, wafanye hayo ya kalamu mbili, na Jumamosi zote mbili wafanye zoezi lile lile la mkondo mwingine. Weka majibu ya pande zote mezani kwa mkuu na unyamaze. Ukishindwa, utakuwa umepoteza wiki mbili. Michezo ya Jumatano iombe kama sehemu ya jaribio hilo, usiifanyie hoja ya peke yake.

Ila nisingependa mtu aombe prepu iondolewe kabisa. Mtoto wa kutwa anayerudi nyumbani kuchota maji, kupika na kubeba wadogo mgongoni hana mahali pengine penye taa na utulivu. Kwake prepu ya jioni ni neema.

Viboko havina mjadala. Ni kosa kisheria, na mkuu ndiye atakayeulizwa, kwa hiyo mwelezeni hivyo, naye atavikomesha kwa sababu zake mwenyewe.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iganga

Shikamooni wakubwa zangu. Nilikuwa katika kundi la kwanza la mwaka 2024, nami naomba niongeze kidogo. Watu wazima hudhani kwamba tunaogopa kemia. Mimi niliogopa karo. Tangu Septemba nilirudishwa nyumbani mara tatu, na kila nilipofungua kitabu nilimwona shangazi yangu sokoni akihesabu noti za elfu moja moja. Mwalimu mlezi wangu alipogundua, hakunipa hotuba. Alikwenda na mimi kwa mhasibu, wakaandikiana na shangazi namna ya kulipa kidogo kidogo, nikaambiwa sitatolewa tena darasani. Wiki hiyo nilisoma kuliko miezi miwili ya nyuma. Tafadhali, mwulizeni huyo binti kuhusu nyumbani kabla ya kumwuliza kuhusu kemia.

Jambo lingine lililonisaidia ni kwamba tulifanya zoezi moja ndani ya ukumbi wenyewe wa mtihani, madawati yakiwa yameachanishwa, msimamizi asiyetufundisha akitembea katikati, na saa ikiwa ukutani. Siku ya kweli ukumbi haukuwa mgeni.

Na jihadharini na "karatasi zilizovuja" zinazosambazwa kwa WhatsApp. Rafiki yangu alikesha na moja, asubuhi hakukuta hata swali moja, akabaki analia hadi nusu ya muda.

Mwalimu wa Kiswahili, Tororo

Ninawashukuru nyote, na wewe kijana wa Iganga hasa, kwa sababu nilimpigia simu mama wa yule binti jana jioni na nikasikia mambo ambayo sikuyatarajia: baba alipoteza kazi mwezi wa Mei, na binti ameahidiwa na mjomba wake kwamba akipata alama za juu atalipiwa kidato cha tano, asipopata basi. Hakuwahi kumwambia mtu shuleni. Nimemwomba mama asimtajie tena sharti hilo mpaka mtihani uishe, na mjomba nitazungumza naye Jumapili.

Mzee wetu wa Masindi, nimefuata njia yako. Naibu wa mkuu amenikubalia mkondo mmoja, wiki mbili, kwa sharti kwamba nisimamie mwenyewe na nisiwaombe walimu wengine wasahihishe chochote. Michezo amenikatalia. Viboko ameahidi kuvizungumza kwenye kikao cha walimu, nami nitahakikisha vimo kwenye ajenda.

Mwalimu wa Mbale, nina swali moja kwako. Masomo yao ni tisa, na ukirudisha kila mada baada ya siku 3, wiki, na wiki tatu, mada zitagongana mapema sana. Unachagua vipi za kurudi na za kuachwa? Nikipata jibu lako kabla ya shule kufunguliwa nitachora ratiba ya ukutani. Binti nimeshamwambia kwamba lile beseni alilete kwangu ofisini siku ya kwanza, nitalihitaji kwa kuchanganyia rangi ya ukarabati wa ubao.